Jina Lina Mwenyewe: Maisha ya Deodata Anastazi (1958–2025)

Marehemu Deodata alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Mabawe, Ngara, mtoto wa pekee wa mzee Anastazi na mama Adelfina. Mwaka 1963 baba yake alikwenda Uganda kwenye vibarua vya pamba, akaahidi kurudi na viatu vya mwanawe. Hakurudi, wala habari zake hazikufika.

Alisoma shule ya msingi Rulenge, akikaa kwa shangazi yake, na alimaliza mwaka 1972. Nyumbani alizoea kumwita mzazi wake kwa Kihangaza. Neno “baba” alilikuta shuleni, na wa kuitwa ameshaondoka. Jamani, neno hilo lilimkaa kooni.

Mwaka 1974 aliajiriwa jikoni katika nyumba ya wageni ya misheni. Huko Sista Jadwiga, Mpolandi, alimwambia, “Deodata, kwetu baba ni bibi kizee.” Akacheka hadi akaweka mwiko chini. “Basi, Sista, baba yangu ni wewe!” Toka siku hiyo hakumwacha mgeni apite hivi hivi. Hata alipofungua mgahawa wake Lusahunga, mwaka 1991, dereva alikuwa hajanawa mikono ameshaulizwa kwao baba ni nani. Mturuki alisema kwao baba ni baba. Mchina wa barabara naye vivyo hivyo. Mhindi mwenye malori akasema ni baba, ni mzee wa kuheshimiwa, na hata mtoto mdogo hubembelezwa kwa neno hilo. Nani alimwazima nani? Sista alimweleza kwamba mataifa mengi yaliliokota midomoni mwa watoto wachanga, kila taifa likampa liliyemtaka. Deodata alijibu, “Wote wamepata wa kumpa. Mimi bado.”

Alifunga ndoa na Fideli Rwekaza tarehe 8 Septemba 1979, kanisani Rulenge. Deodata alikuwa mcheshi, lakini kwa jambo moja alikuwa mgumu kama jiwe. Wazee wa ukoo walipotaka wazike mgomba badala ya mwili wa Anastazi, msiba uishe, aliwafukuza uani. Tena, kwao jina la mzazi hupewa mjukuu pale tu mzazi akishafariki. Alipojifungua mtoto wa kiume, Fideli akataka aitwe Anastazi. “Jina lina mwenyewe,” alisema Deodata, “na mwenyewe yuko njiani.” Mtoto akaitwa Juvenali. Fideli alitangulia mbele ya haki mwaka 2015, na bado mkewe alikuwa akitazama barabara. Aliumia, na tuliomzunguka tulijua.

Mwaka 2023 aliugua figo, akatibiwa kwa muda mrefu. Tarehe 2 Juni mwaka huu Frida, mke wa Juvenali, alijifungua mtoto wa kiume, akamleta kitandani kwa mgonjwa.

“Shikamoo, mama. Tumwite nani?”

“Marahaba. Mpeni Anastazi.”

Juvenali alitoka nje kulia. Deodata akamlaza mtoto kifuani, akamtazama weee, kisha akasema, “Karibu, baba.” Alirudia tena na tena, kwa sauti, hadi majirani wakasikia. Alifariki alfajiri ya tarehe 5 Juni 2025, Biharamulo.

Ameacha watoto wawili, Tecla na Juvenali, mkwe wake Frida, na wajukuu.

Mama Tecla, Bwana akupumzishe. Ukimwona mzee huko, usingoje kutambulishwa. Mwite.