Udi wa Umeme wa Mahrous bin Thani

Assalamu alaikum, wazee wetu shikamooni, na akina mama mlioko ndani najua mnanisikia, maana sauti yangu hii bila ya spika inafika Sinaw, mie ni Khalaf bin Hamoud, mtoto wa ami yake marehemu, na leo siku ya tatu ya aza, ya matanga, binti yake Dalal kanitia karatasi mkononi, kanambia, "Ami Khalaf, soma tarehe kama zilivyo, usizidishe," kwa sababu sisi tuliotoka Tabora tumezoea mtu akifa asomewe maisha yake, wenzetu wa Unguja na wenyeji wa hapa Ibra mtustahamilie, tarehe ni za Dalal, yaliyobaki ni yangu.

Marehemu Mahrous bin Thani alizaliwa tarehe 3 Juni 1945, Tabora, mtaa wa Gongoni, mtoto wa tatu na wa mwisho wa bwana Thani, muuza ngano, na mama Shaikha, Mungu awarehemu wote, na walionihadithia wanasema alipolia mara ya kwanza punda wa mtaa mzima walinyamaza kumsikiliza.

Chuoni alihitimu juzuu kumi akiwa na miaka tisa, skuli alianza mwaka 1953 akatoka darasa la nane mwaka 1960, mie nilitoka la nne, na hesabu bado nilikuwa namshinda, yeye mwenyewe alikuwa akikataa hilo lakini leo hana wa kumtetea, kisha mwaka 1962 baba yake akampeleka Dar es Salaam, mtaa wa Gerezani, kwa fundi mmoja wa Kihindi, akajifunza kazi ya umeme.

Huko Dar mwaka 1965 aliingia kwenye bendi ya vijana watano waliojiita Vijana wa Umeme, bendi isiyokuwa na mwimbaji hata mmoja, magitaa matupu na ngoma, suti za rangi moja, viatu unajitizama uso, na tarehe 9 Agosti 1966 akanunua kwa Mgoa mmoja aliyekuwa anahama nchi lile gitaa ambalo nyote mnalijua, jekundu, la umeme, la nyuzi kumi na mbili, nyuzi zenyewe zinakwenda mbili mbili, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, kidole kimoja kinakandamiza mbili kwa pamoja, ukipiga unadhani watu wawili wanapiga na mmoja wao kakaa juu ya bati, na kwa gitaa hilo alitunga nyimbo moja, haina maneno, haina jina, mwaka 1967 bendi ikavunjika kila mtu na njia yake, nyimbo ile haikuwahi kurekodiwa.

Alifika Oman tarehe 14 Novemba 1973, sanduku moja, gitaa moja, na amplifaya ya zamani yenye taa ndani kama vibatari, akaajiriwa mwaka 1974 kwenye majenereta hapa Ibra, akahamishiwa Samad Ash Shan mwaka 1982, akastaafu tarehe 30 Juni 2000, na kwa miaka yote ile, wallahi, umeme ukizimika yeye alikuwa akitia mkono tu jenereta linaona haya linawaka.

Alimuoa Hamda binti Khattab tarehe 22 Aprili 1977, hapa hapa Ibra, Mungu akawaruzuku Dalal mwaka 1979 na Firas mwaka 1983, na bibi Hamda ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia, "Mahrous, zima hicho kitu watoto walale," naye akazima, sisi wengine tukimwambia anaongeza sauti.

Sasa katika miaka ya tisini hakuna harusi ya watu wetu kuanzia Bidiya mpaka Samad iliyofanywa bila yeye, alikuwa akiwasha ile amplifaya taa za mji zinafifia na ngamia wa Bidiya wanakata kamba, tatizo lake lilikuwa moja, kuzilinganisha zile nyuzi kumi na mbili, shuwa, ile nyama ya kufukia, inatiwa shimoni, inaiva, inatolewa, inaliwa, watu wanaosha mikono wanaaga, yeye bado yuko uzi wa tisa, na vijana wa hapa walipoziona nyuzi zimepangwa mbili mbili wakasema huu ni udi, ule wa taarabu, udi wa umeme, mwanzo alikuwa akikasirika, "Udi gani, nyie watoto, hili gitaa," mwisho akachoka, na kuanzia mwaka 1994 hivi hata mwenyewe akawa anasema, nipisheni nichukue udi wangu.

Nyimbo ile alikuwa akiipiga mwisho kabisa, watu wakishaanza kuvaa viatu, na Dalal toka mdogo alikuwa akimuomba, "Baba, itie kwenye kaseti iwe yangu," na mie, nasema mbele yenu nyote, ndiye niliyekuwa nikimwambia angoje, nina redio kaseti yangu yenye spika nne, inarekodi mpaka mbu akipiga miayo, nitaileta wiki ijayo, na wiki ijayo ile ilichukua miaka minane.

Maradhi yake yalikuwa sukari, yalionekana mwaka 1998, na mwaka 2002 vidole vya mkono wa kushoto vikaingia ganzi, uzi mmoja angeuweza, mbili kwa kidole kimoja hakuweza tena, gitaa likaingia kabatini na jina lake likaingia nalo, hakuna aliyelitaja, mpaka mwezi uliopita alipokwenda kwa mwanawe Firas anayefanya kazi Tanuf, akazidiwa huko, akalazwa hospitali Nizwa tarehe 29 Januari 2007.

Alhamisi tarehe 8 Februari asubuhi alinipigia simu, sauti yake nzima kabisa, akanambia, "Khalaf, leo vidole vyangu vinasikia, niletee udi, usikawie, Dalal nimeshamwita," na mie, jamani, nilidhani mgonjwa kachoka na harufu ya dawa anataka chumba kinukie, vidole sikuvishughulikia, nikapita dukani nikachukua udi wa kufukiza, ule wa juu kabisa, kijisanduku cha mahameli, na chetezo kipya, nikaendesha Ibra mpaka Nizwa kwa saa moja na robo, hakuna aliyewahi na hakuna atakayeweza, nikaingia wodini natembea kama niliyeleta taji.

Dalal alikuwa amekaa kitandani na kaseti mpya bado imo kwenye nailoni yake, Mahrous akakitizama kijisanduku, akaitizama mikono yangu, nesi akasema hapa hakufukizwi kitu, kuna oksijeni, Dalal akasema, "Baba, si ulimwambia gitaa?" naye akanishika mkono kwa vidole vile vile akasema, "Mwache, katoka mbali," kisha akanambia, "Umenukia, mtoto wa ami, ahsante," akafumba macho.

Nilirudi Ibra siku ile ile, kabati limefungwa, ufunguo bibi Hamda kaenda nao Nizwa, Ijumaa nikaenda kuuchukua, Jumamosi mchana nikafika na gitaa na amplifaya na redio yangu ya spika nne, nikakuta mkono umevimba na yeye hatambui mtu, tukaliweka gitaa pembeni yake, hakuna aliyethubutu kuligusa, na Jumatano tarehe 14 Februari 2007, baada ya sala ya alfajiri, Mahrous alifariki, akazikwa hapa Ibra alasiri ile ile, inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na kaseti moja haina kitu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na manesi wa Nizwa waliomstahi, majirani mliolisha watu siku tatu hizi, wenzake wa majenereta waliotoka Samad na matope ya kazini wakabeba jeneza, na wote mliotoka Sur na Bidiya, Mungu awalipe.

Na nyie mliofanya harusi miaka ile, nawaomba, sina la kujisifia hapa, mlikuwa mkipiga video, zitoeni hizo kaseti makabatini kabla watoto hawajarekodia mpira juu yake, msizitizame mwanzo, nendeni mwisho, pale watu wanapotafuta viatu vyao na mpiga picha kasahau kuzima, mkisikia nyuma ya zogo lile nyuzi zinakwenda mbili mbili, hata dakika moja, hata nusu, mpelekeeni Dalal, nyumba mnaijua.

Mahrous, mtoto wa ami yangu, Mola akufanyie wepesi, ulale salama.