Dada Yetu Aliyesoma Kuta za Mishipa

Dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Baba alikuwa fundi baiskeli, mama alifua mashuka ya hospitali. Walizaliwa wawili tu. Wa pili ni mdogo wake wa kike, ndiye anayesoma maneno haya mbele yenu.

Alianza shule mwaka 1968. Baba alipoumia mgongo mwaka 1973, iliamuliwa mtoto mmoja abaki nyumbani. Dada alikuwa na akili, hilo hakuna wa kulibishia. Mdogo wake hakuulizwa. Aliwekwa kwenye cherehani. Dada alisonga mbele hadi chuo cha udaktari, akirudi likizo na viatu vinavyong'aa na maneno marefu. Lakini haki yake apewe: nafasi ile hakuichezea hata muhula mmoja.

Mwaka 1983 mama alianguka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akafa kabla ya kuvushwa ua kupelekwa wodini. Wakubwa walisema ni moyo. Dada hakuridhika. Alimuuliza mdogo wake, aliyekuwapo, maumivu yalianzia wapi. Akaambiwa yalianza kifuani, yakachana hadi mgongoni. Jambo hilo halikumtoka tena.

Tangu 1988 hadi 2021 alifanya kazi katika maabara ya hospitali kuu, akichunguza kuta za mishipa mikubwa ya damu iliyougua. Alitueleza kwamba ukuta wa mshipa una nyuzi ngumu zinazouzuia usipasuke, nyuzi za kuvutika zinazourudisha mahali pake, na ute unaokaa katikati. Ugonjwa ukiingia, zile za kuvutika hukatikakatika, zile ngumu hupangika ovyo, na ute hujaa pasipo pake. Alikuwa akitundika kipande chembamba kwenye ndoano, anakivuta, anakiachia, kisha anatazama kama kitarudi.

Siku moja alitaka wanafunzi waelewe. Akapita kwa mdogo wake, akachukua sketi iliyotundikwa, akaenda kuifumua kiuno mbele yao ili waone lastiki iliyokatika ndani ya kitambaa kizima. Sketi ilikuwa ya mteja tuliyemwita Bi Haraka. Alipokuja kuichukua aliambiwa iko chuo kikuu.

"Basi irudi na shahada," alisema, wala hakucheka.

Tarehe 15 Desemba 1990 dada alifunga ndoa na mpima ardhi, mtu mpole anayejua kupika na kunyamaza. Gauni lilishonwa na mdogo wake. Watu walilisifu, bibi harusi alisema mkono wa kushoto unabana. Ulikuwa unabana kweli. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2019, akifundisha namna ya kutazama mishipa kwa mashine, alihitajika mtu mwenye mshipa mzima wa kuonyeshea. Alijilaza yeye mwenyewe. Mwanafunzi mmoja akasema, "Daktari, labda tutafute mfano mwingine." Aligeuza shingo akatazama kioo cha mashine, kisha akawaambia waandike wanachokiona. Mshipa wake mkuu ulikuwa umevimba.

Alipasuliwa, kipande kibovu kikatolewa, akashonewa bomba la kitambaa. Alipozinduka alitaka kujua kutoka kwa mdogo wake kama kitambaa hicho kitalegea. Akajibiwa inategemea uzi. Alicheka mpaka muuguzi akamkataza.

Kwa kuwa ugonjwa huu hufuata damu, alimsihi mdogo wake akapimwe. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Shule ulienda wewe, na hospitali nenda wewe." Mwezi Mei 2024, akiwa hawezi tena kupanda ngazi, dada alikuja kwa teksi hadi chumba cha kushonea, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mdogo wangu," alisema, "kwenye dawati nilikaa mahali pako. Kitanda cha kipimo siwezi kukulalia."

Miaka yote hiyo hakuwa amelitamka. Kulitamka hakukurudisha shule. Ila kesho yake walikwenda pamoja, akamshika mdogo wake mkono muda wote wa kipimo, macho yakiwa kwenye kioo. Mshipa wa mdogo nao umeanza kutanuka. Umewahiwa, na dawa zinamezwa.

Alifariki tarehe 14 Juni 2024, saa moja asubuhi, mshipa ulipochanika chini ya pale paliposhonwa, mahali ambapo madaktari walisema mwili wake usingestahimili upasuaji wa pili.

Ameacha mume, ambaye si wa damu hii na kipimo hakimhusu. Mwana, aliyepimwa na yuko salama. Binti, atakayepimwa Jumatatu na asijifiche nyuma ya msiba. Na mdogo wake wa kike, aliyepimwa.

Dada yetu na apate pumziko lake. Kitanda kile tutakilalia wenyewe.