Fundi Taratibu na Biti Iliyokwama Maktaba

Leo ni Jumanne, tarehe 26 Novemba, na nimepewa ukurasa mzima wa jarida la shule. Naahidi kusema yote, hata yale ambayo mhusika angependa yapite kimya kimya. Siku tatu kutoka leo, yaani Ijumaa tarehe 29, fundi wetu wa matengenezo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Ana jina lake kamili kwenye faili la ofisini, lakini shuleni hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Fundi Taratibu, kwa sababu neno hilo hulisema mara nyingi kuliko salamu.

Alikuja kwa kibarua cha miezi mitatu, maktaba ilipokuwa inajengwa. Miezi mitatu ilipokwisha, bomba la jikoni likapasuka, akaombwa abaki wiki moja tu. Wiki hiyo ndiyo inayokwisha Ijumaa.

Katika wiki hiyo ndefu amebadilisha vitasa vya milango yote, baadhi mara nne. Ameziba paa la bweni mvua ikiwa inanyesha. Penseli yake ameitafuta kila asubuhi, na kila asubuhi tumemwonyesha sikio lake. Kitu kimoja tu hajawahi kukitia mafuta: kiti cha mwalimu mkuu, ambacho hulia kila mwenyewe anapoinuka. Sijui kama ni kusahau. Darasa letu, lililo jirani na ofisi hiyo, linamshukuru kwa vyovyote vile.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya ufundi. Kwa mwaka mzima nimeshika ngazi, nimeshika tochi, nimeshika misumari. Drili sijaishika. Kila nilipoomba, Fundi alijibu, "Taratibu, binti. Drili haina haraka na wewe." Mimi ndiye niliyekuwa na haraka, maana nilikuwa nahesabu siku za kustaafu kwake kwenye kalenda ya darasani, na zilikuwa zinapungua.

Jumatano iliyopita tulikwenda maktaba kutundika rafu mpya kwenye nguzo iliyo kati ya madirisha mawili. Fundi alipima, akaweka alama, akatoboa. Tundu la kwanza lilikwenda vizuri. La pili lilipofika katikati, drili ilipiga kelele mbaya na biti, kile chuma chake cha kutobolea, ikagoma. Hapo mtu aliyetufundisha miaka yote kwamba chuma kikigoma usikilazimishe, alikilazimisha. Alisukuma kwa bega. Drili ilijigeuza yenyewe, ikamponyoka, ikabaki inaning'inia ukutani kama koti.

Mtunza maktaba, ambaye huwa anatunyamazisha sisi, aliangua kicheko. "Mzee, umetundika rafu au umetundika drili?"

Fundi hakucheka. Alilegeza taya za drili akaitoa, biti ikabaki imechomoza kama kidole. Halafu akamgeukia mtu ambaye hakuwepo. "Aliyesuka nondo za nguzo hii alikuwa na ugomvi na nani? Nondo mbili zimebanana hivi! Mimi wakati ule nilikuwa nachanganya zege tu, lakini ningekuwa mimi, nisingesuka hivi."

Siku mbili nzima alimsema huyo mtu. Alidondoshea biti mafuta, akaigonga kwa nyundo ndogo upande huu na ule, akapuliza vumbi. Haikutikisika. Mwalimu mkuu alipita akasema kwa upole, "Fundi, usijisumbue. Ikifika kesho Ijumaa jioni haijatoka, ikatwe kwa grenda, tupake rangi, nani ataona?"

"Nitaona mimi," akasema Fundi. "Siwezi kukabidhi funguo huku nimeacha chuma changu ukutani."

Nilimwamini. Ila niliona pia kwamba anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Drili ilipojigeuza ilimtegua kifundo cha mkono wa kulia, na alikuwa hajamwambia mtu.

Kesho yake, Ijumaa ya tarehe 22, mchana, mtunza maktaba alikuwa anatafuta picha za kupamba sherehe ya kumuaga Fundi. Akatoa moja kwenye bahasha, akaitazama, akatuita. Picha ilionyesha maktaba bila paa. Mbele ya nguzo ile ile, kijana mwenye nywele kama kichaka alikuwa amechuchumaa anafunga nondo mbili kwa waya, zimebanana. Penseli ilikuwa sikioni.

"Shemeji yako huyu?" mtunza maktaba aliuliza.

Fundi aliichukua picha akaenda nayo dirishani. Kisha akasema, "Kijana huyu alifanya kazi nzuri. Angalieni, nguzo haina hata ufa."

Tulicheka mpaka mtunza maktaba akatunyamazisha, huku naye akijifuta machozi.

Lakini picha ilimsaidia. Sasa alijua biti imebanwa katikati ya nondo, na alijua pia upande upi hauna chuma. Alichukua biti nyembamba, akaielekeza kwa mkono wa kushoto, mtunza maktaba akamsaidia kuibana drili, wakatoboa vitundu vitatu pembeni ya ile iliyokwama ili ipate nafasi ya kupumua. Wakatoa vumbi. Kilichobaki kilihitaji mkono wa kulia wenye nguvu. Fundi aliutazama wa kwake, akanitazama mimi.

"Shika spana, binti. Izungushe kinyume, kama unafungua kifuniko cha chupa. Usivute. Ikikuambia njoo, ndiyo uvute."

Nilizungusha. Haikusema kitu. Nikazungusha tena, saa ya ukutani ikikaribia saa kumi jioni, muda wa grenda. Mara ya tatu nikasikia chembe za zege zinasagika, na biti ikaja nzima, ina joto kidogo, imepinda kidogo kama mtu aliyelala vibaya. Fundi aliipokea, akaifuta kwa shati lake la kazi. Hakusema taratibu. Alisema, "Hivyo hivyo."

Fundi wetu, kwa niaba ya wanafunzi wote, walimu, na milango yote inayofunguka, asante. Mkono wako upone, usingizi wako wa asubuhi usikatizwe na kengele yetu, na nyumbani mke wako asigundue mapema mno kwamba unaweza kutengeneza kila kitu.

Rafu bado iko sakafuni. Inahitaji matundu sita mapya, na mkono wako daktari ameufunga kwa wiki mbili. Naomba unijibu nyuma ya ukurasa huu kabla sherehe yako ya Ijumaa haijaisha: Jumamosi ya tarehe 7 Desemba, ukiwa mstaafu na huna haraka, utakuja kunishikia ngazi nitoboe mimi?