Mfunga Mizigo na Neno la Kusimamisha Kreni

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi wa bohari mliokuja na ovaroli kwa kuwa zamu yenu inaanza mchana, mimi ni dada yake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, kaka yetu mkubwa akaniomba niisome kwa kifupi, nami kwa heshima zote nimemkatalia.

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watano wa baba dereva wa lori na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, ambako tulilala kwa kelele za nyundo na kuamka kwa hizohizo. Aliingia shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1972, hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, nisiwadanganye, hesabu zilimpiga chenga mpaka alipofika chuo cha ufundi na kukutana na hesabu za kushikika, uzito wa mzigo, unene wa kamba, pembe ya mnyororo, na hapo akatulia.

Mwaka 1979 aliajiriwa bohari ya mafuta, kazi yake kufunga mizigo kwenye kreni na kumwelekeza dereva aliye juu, akaifanya kazi hiyohiyo hadi alipostaafu mwaka 2018. Kwa wasiopajua, pale kuna mvuke wa petroli usioonekana kwa macho, cheche moja tu inatosha kumaliza watu, ndiyo maana ndoano ya kreni yao imevikwa shaba ili ikigonga chuma isitoe cheche, simu zinabaki getini, viatu vya misumari ni marufuku, na watu wanaelewana kwa mkono na kwa mdomo basi. Shida ni kwamba wafanyakazi walitoka huku na huku, kila mmoja na maneno yake, huyu anasema teremsha, yule achia, mwingine lete chini, na mwaka 1985 tangi dogo liliyumba likagonga nguzo kwa sababu watu watatu walimpigia dereva kelele kwa mpigo, kila mtu na lake. Kwa bahati hakikuwaka kitu. Kesho yake kaka aliwakalisha wenzake wakati wa chai, wakabishana, wakataniana, wakanuniana kidogo, mpaka kila kifaa kikapata jina moja na kila mwendo ukapata neno moja, na asiyelitaka alilitumia hivyohivyo.

Maneno mengine yote yalikuwa ya mfunga mizigo peke yake, lakini neno simama walilifanya la kila mtu. Yeyote akilitamka, awe meneja, awe mgeni, awe mfagiaji, kreni inasimama hapohapo, haulizwi kwa nini mpaka mzigo ufike chini, na hata ikionekana hapakuwa na sababu ya maana, hagombezwi. Wa bohari mnakumbuka siku wakubwa walipokuja ukaguzi, mama mfagiaji akapaza sauti kwa sababu ya paka aliyelala chini ya mzigo, wakubwa wote wakasubiri paka ajinyooshe, apige miayo, aondoke kwa muda wake, na kaka akamshukuru yule mama mbele ya watu. Nyumbani nako hatukupona. Siku tunamhamishia kaka kabati ghorofa ya pili, alitusimamisha katikati ya ngazi, mabega yanawaka moto, kwa kuwa mtoto wa jirani alisema simama akicheza, na kabati likarudi chini kwanza ndipo yule mtoto akaulizwa.

Mwaka 1984 alimuoa wifi yangu huyu mnayemwona, wakati huo muuza vitambaa, mwanamke wa maneno machache aliyepata mume wa maneno mengi, wakajaliwa watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili. Binti, mtoto wao wa kwanza, alifuata kazi ya baba, tangu mwaka 2010 anaendesha kreni ileile, na kwa miaka minane baba alikuwa chini akimwelekeza na mwana juu akimsikiliza, na kaka akituambia bila aibu kwamba hakuwahi kupata dereva mwenye masikio kama yule.

Marehemu alianza kuugua Septemba 2020, ikagundulika ni saratani ya utumbo, akapasuliwa mara ya kwanza, akapasuliwa mara ya pili, akakonda hadi pete ya ndoa ikamtoka kidoleni. Mwezi Mei madaktari walisema inawezekana kujaribu mara ya tatu, hawakuficha kwamba matumaini ni madogo, na kaka mkubwa akakubali kwa niaba ya wote, kwa kuwa anampenda mdogo wake na hakuwa tayari kumwachia. Hapa ndipo nilipoambiwa nifupishe, na hapa ndipo nitakaposoma polepole.

Imesemwa jikoni, imesemwa uani, na juzi ikasemwa usoni pake, kwamba binti yake ndiye aliyezuia upasuaji, kwamba amemuua baba yake, ndiyo maana tangu jana amekaa kule getini kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Mimi nilikuwapo. Binti alikuwa upande mmoja wa kitanda cha magurudumu, mimi upande wa pili, tumebakiza hatua chache kufika mlango wa chumba cha upasuaji, kaka akafungua macho, akamtazama binti yake, akasema simama, kwa sauti ileile ya bohari, wala si sauti ya mgonjwa anayeweweseka. Binti alishika kitanda kwa mikono miwili, akawaomba wauguzi wasubiri, daktari akaja, akamuuliza kaka mwenyewe, na kaka akasema ametosheka, anataka kwenda nyumbani. Niliyasema haya tuliporudi, nikaambiwa shangazi na binti lao moja. Basi leo nayasema mbele yenu nyote, na mbele ya jeneza lake, nani angenifundisha kumsingizia maiti?

Alikaa nyumbani wiki tatu, kitanda chake dirishani, akala kidogo alichokitaka, akagombana na redio, akatutania wote, usiku binti yake akamgeuza na kumsafisha bila kumwamsha mama, na tarehe 9 Juni 2021, asubuhi, akafariki usingizini. Imeniuma, inaniuma hata sasa ninaposoma, nami, sawa na kaka mkubwa, ningempasua mara kumi kama angebaki. Lakini mwili ulikuwa wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsikiliza, majirani waliotuletea maji, viti na chakula bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa bohari waliochimba kaburi kwa zamu. Ninalo ombi moja, halimo kwenye karatasi hii. Kiti kilicho karibu na wifi yangu kiko wazi tangu asubuhi, na sitasema neno la mwisho kabla mwenye kiti hajakikalia.

Tusubiri.

Wifi ameinuka mwenyewe kwenda getini, mpisheni. Wanakuja wote wawili. Kaka mkubwa amevuta miguu ndani ili wapite, na kwa leo hilo linatutosha.

Haya, amekaa. Kaka yangu, pumzika kwa amani.