Ndoa ya Solange Barbotin Iliyofungwa kwa Ajili ya Taa

Ndugu, majirani na marafiki mliovumilia mvua hii, familia imenituma mimi Gaspard, mtoto wa kaka wa marehemu, niwasomee safari ya maisha ya shangazi yetu.

Marehemu Solange Barbotin alizaliwa tarehe 4 Machi 1934 huko Nogent, Ufaransa, binti wa fundi viatu, akasoma hapohapo hadi 1948, akapata cheti chenye sifa ya mwandiko mzuri. Mwaka 1953 aliajiriwa katika studio za Joinville, enzi zile filamu za mapenzi na vichekesho zilipotoka kama mikate, kazi yake ikiwa kusimama mahali pa nyota wa filamu wakati mafundi wakipanga taa, ili nyota asichoke. Huko alimpata Firmin Kerdoncuff, fundi taa, wakachumbiana Krismasi ya 1956.

Tarehe 11 Juni 1957 watu wa studio walikwenda kupiga onyesho la harusi la filamu moja katika ukumbi wa manispaa ambayo familia imeombwa isiitaje. Mwongozaji alitaka daftari halisi la ndoa lionekane, karani akasema, "Siandiki majina ya uongo kwenye daftari la serikali," basi katika jaribio la taa yakaandikwa majina ya kweli ya waliosimama pale, Solange na Octave Ribot, aliyesimama mahali pa nyota wa kiume, naibu meya akasoma vifungu vyote vya sheria ya ndoa, wawili wakaitikia ndiyo, wakatia saini, muhuri ukapigwa. Firmin alikuwa juu ya ngazi akimmulika mchumba wake. "Tabasamu basi, mpenzi," alimwambia, "unaolewa au unang'olewa jino?"

Januari 1958 Firmin aliitwa jeshini, akapelekwa vitani Algeria. Machi, Solange alipopeleka karatasi manispaa ileile ili wafunge ndoa katika likizo ya Septemba, karani alifungua daftari, akamwambia, "Bibi Ribot, wewe una mume." Alipoeleza kuwa ilikuwa filamu, akajibiwa kwamba daftari haliendi sinema. Octave alifuatana naye kila ofisi akiapa kuwa hawajawahi hata kunywa kahawa pamoja, na ofisa mmoja akawashauri waanze na hiyo kahawa. Septemba ikafika, Firmin akarudi likizo, kesi ya kubatilisha ndoa ile ikiwa bado mahakamani, mama yake Firmin akakataa kumpakulia Solange supu. "Mwanangu haoi mke wa mtu," alisema, na Firmin akasukuma sahani yake mbele ya Solange, wakala kwa kijiko kimoja.

Firmin aliuawa tarehe 9 Oktoba 1958 karibu na Sétif. Hukumu ya kubatilisha ndoa ilitolewa tarehe 20 mwezi huohuo.

Mwaka 1960, sheria ilipokwisha kuruhusu kufunga ndoa na marehemu, Solange aliomba, akajibiwa kwamba siku mchumba alipofariki, mwombaji alikuwa mke wa Ribot. Hakuolewa, hakujaliwa mtoto, na ile filamu, iliyochekesha nchi nzima, hakuitazama.

Alianza kuugua mapafu Novemba 2006, akafariki hospitalini tarehe 17 Februari 2007, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa ngazi B katika jengo lake, na wazee wa studio waliobaki. Tunamshukuru zaidi Bi Mathilde Kerdoncuff, dada yake Firmin, aliyekwenda manispaa Jumatano kuomba kaburi la familia yao lifunguliwe shangazi azikwe humo. Fomu iliuliza uhusiano wake na marehemu, akaandika "wifi". Karani alidai cheti. "Mlikuwa nacho ninyi," Bi Mathilde alimwambia, "mkampa mtu mwingine," akaketi pale hadi muhuri ulipopigwa.

Shangazi, Firmin yuko upande wako wa kulia. Pumzikeni kwa amani.