Marehemu Mzee Mvuke na Foleni ya Ndala

Familia inaomba radhi mapema: wasifu huu utasomwa kwa haraka kidogo. Saa nne asubuhi hii, jeneza likiwa linashushwa, kiwanda cha sabuni kitafungua geti lake na kuchagua watu thelathini wa kuajiriwa kwa kudumu. Ni mara ya kwanza tangu kiwanda kilipouzwa, na wengi wanaostahili kazi hiyo hawako getini, wamekaa hapa. Wageni mliotoka mbali mtakuwa mmeona pia kwamba waombolezaji wengi wamekuja na ndala moja, mguu wa pili mtupu. Msiwacheke, na tafadhali msikimbilie kuwatafutia viatu. Maelezo yanakuja.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1966 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda hichohicho, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa mpakiaji wa katoni. Mama yake alifua nguo za watu. Walikaa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: upande huu wazazi, upande ule watoto wamepangwa kama njiti za kiberiti. Dada yake mkubwa anasema hakuna mtoto mtaani aliyenuka sabuni kama yeye, na hakuna aliyekimbia kuoga kama yeye. King'ora cha kiwanda ndicho kilichowaamsha, na ndicho kilichowarudisha baba zao jioni. Marehemu alifika umri wa kwenda shule akiamini kwamba king'ora kikikosa kulia, jua litachelewa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 na kumaliza la saba mwaka 1980, akiwa na alama nzuri za hesabu na mwandiko ambao walimu waliamua kuusamehe. Mwaka huohuo baba yake aliumia mgongo kazini, na sare ya sekondari ikabaki dukani. Kijana akapelekwa kwa mwendesha boila wa kiwanda ajifunze kwa kutazama, bila mshahara. Mwalimu wake huyo alikuwa na maneno mawili tu ya kufundishia: "Umeona?" na "Toka." Cheti hakupata. Alipata kovu kwenye mkono wa kushoto, na kila alipoulizwa amesomea wapi, alikunja mkono wa shati akalionyesha.

Aliajiriwa rasmi tarehe 1 Juni 1987. Kwa zaidi ya miaka ishirini alitunza boila iliyopikia sabuni ya mji mzima, akaitwa Mzee Mvuke hata kabla hajaota mvi. Kwa mshahara ule alijenga vyumba viwili na kusomesha wadogo zake wawili. Siku zote hizo hakuwahi kusimama nje ya geti zaidi ya muda wa kumwamkia mlinzi.

Mwaka 2009 kiwanda kiliuzwa. Wafanyakazi waliitwa uwanjani, wakaambiwa kwa sauti ya upole kwamba hakuna aliyefukuzwa. Ila kuanzia kesho kila mtu ni kibarua, na vibarua huchaguliwa getini kila asubuhi. Waliozoea kutishiana kwa utani kwamba kibarua chako kitaota nyasi, siku hiyo utani uliwaishia. Asubuhi iliyofuata, watu waliokula sahani moja miaka yote walisukumana kama maadui. Mpakiaji mmoja, tunayemwita Mama Katoni, alivunjika mkono. Marehemu alirudi nyumbani bila kazi na bila ndala ya kulia.

"Umekwenda kutafuta kazi umerudi na mguu mmoja," mkewe alimwambia.

"Wa pili nimeuacha unitafutie."

Kesho yake aliikuta ndala palepale mbele ya geti, imekanyagwa lakini haijaibwa. Nani aibe ndala moja? Aliivaa, akasimama. Waliofika wakataka kumsogeza, naye akawaambia kwa uso mkavu, "Mimi niko hapa tangu jana. Muulizeni mlinzi kama hii ndala iliondoka." Watu wakacheka. Mama Katoni, mkono ukiwa kwenye bandeji, hakucheka. Alivua ndala yake moja, akaiweka nyuma ya ile.

Hivyo ndivyo foleni ya ndala ilivyoanza, na sheria zake hazikuandikwa popote. Unaacha ndala moja, unakwenda kuwaandaa watoto, unarudi kabla msimamizi hajatoka. Aliyefanya kazi leo, kesho anaanzia nyuma. Aliyekosa, ndala yake inabaki ilipo. Na hakuna kuiruka ndala ya mtu mpaka mwenyewe aseme, "Piteni." Tusidanganyane: kazi hazikuongezeka, ujira haukupanda, na njaa haikuhama mtaa. Lakini hakuna mkono mwingine uliovunjika pale getini, na mzazi aliweza kumwahidi mtoto kitu akijua zamu yake inafika lini.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1991, na fundi cherehani wa mtaani, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Nguo za bei poa zilipojaa sokoni, cherehani ikalala, na mama naye akaweka ndala yake kwenye foleni. Mwaka 2012 binti mkubwa alipata nafasi chuoni. Mama aliamka mapema, akaisogeza ndala yake kutoka mwisho hadi karibu na mbele. Marehemu aliiona. Aliiokota mbele ya watu wote, akatembea nayo mpaka mwisho wa foleni, akaiweka chini taratibu kama anayeweka yai.

"Umenioa mimi au umeoa geti?" mama alimuuliza walipofika nyumbani.

"Nimekuoa wewe. Geti ni la watu."

"Basi hao watu wakupikie."

Kwa muda mrefu walizungumza kupitia watoto, wote wakiwa chumba kimoja. "Mwambie baba yako chakula kipo." "Mwambie mama yako nimekiona." Binti alichelewa chuo mwaka mzima, na hilo marehemu, mtu wa utani kwa kila jambo, hakuwahi kulifanyia utani. Mama anasema alimsamehe siku alipomkuta amejiinamia kwenye ile cherehani, jasho linamtoka, anashona sare ya mtoto wa jirani ili apate nauli ya binti. Mikono yote miwili ya shati alikuwa ameishona upande mmoja.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2022. Mvuke na magadi ya miaka yote ile vilikuwa vimekaa humo vikimngoja. Daktari alimshauri aachane na kazi. Marehemu akamjibu kwamba kazi ndiyo iliyotangulia kuachana naye.

Wakati huo kiwanda kilikuwa kimeleta msimamizi mpya, Bwana Kalamu, anayeitwa hivyo kwa sababu huwachagua watu kwa kuwanyooshea kalamu huku macho yake yakiwa kwingine. Foleni ilimkera. Wenye misuli, na wale wanaojua kumpitishia bahasha, walikuwa nyuma, na yeye aliwataka mbele. Tangu Aprili mwaka huu, kila zamu ya marehemu ilipofika, mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Mzee, unakohoa juu ya sabuni ya watu. Rudi kesho."

"Sabuni si ndiyo inayosafisha, bwana?"

"Rudi kesho."

Marehemu aligeukia walio nyuma yake. "Piteni."

Wakapita. Ndala yake ikabaki ya kwanza, na kesho yake hivyohivyo, mwezi baada ya mwezi. Mkewe alimsihi aende akaitoe, alale, apumzike. "Unajiua kwa ajili ya ndala," alimwambia.

"Nikiitoa," marehemu alijibu, akivuta pumzi kati ya neno na neno, "atakuwa amemwondoa wa kwanza kwa kikohozi. Wa pili atamwondoa kwa mimba. Wa tatu kwa mvi. Halafu foleni itakuwa ya nani?"

Akaendelea kwenda kila asubuhi, ameegemea bega la mwanawe, kusema neno lile moja tu.

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, hakuweza kuinuka. Kulipokuwa kunapambazuka aliuliza ndala zake ziko wapi. Mkewe akamwambia moja iko chini ya kitanda, nyingine iko getini. "Basi sawa," alisema. Hakusema jingine. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Getini hawakujua. Bwana Kalamu alitoka na kalamu yake, akakuta ndala ya kwanza haina mtu.

"Wa kwanza hajafika," alisema Mama Katoni, aliyekuwa wa pili.

"Si afadhali? Ingia wewe."

"Hajasema tupite."

"Mama, hiyo ni ndala."

"Naiona. Na mwenyewe hajasema."

Hakuna aliyeinua mguu. Bwana Kalamu alisubiri, akatukana, akafunga geti. Watu wote wale walipoteza siku, na walivyolala na njaa wanajua wenyewe, kwa kumngoja mtu ambaye alikuwa ameshafunikwa shuka. Jua lilikuwa limepanda mjane alipofika kuwaambia. Mama Katoni aliinama, akaifuta ile ndala vumbi kwa kanga yake, akairudisha ilipokuwa.

Kabla ya jioni tangazo lilibandikwa getini: ajira ya kudumu, Jumamosi, saa nne asubuhi, kila mtu afike mwenyewe, ndala hazitatambuliwa. Saa ya mazishi Bwana Kalamu alikuwa ameshaiulizia kwa mlinzi.

Alhamisi jioni foleni nzima ilikaa uani kwa marehemu, na nusura wapigane.

"Nendeni," mjane aliwaambia. "Marehemu hana haraka, nyinyi mnayo. Nasema kwa niaba yake: piteni."

"Wifi, tunakuheshimu," alisema Mama Katoni, "lakini ile ndala si yako."

"Heshima haichemki sufuriani," alisema Betri, baba wa pacha wachanga, aliyeitwa hivyo kwa sababu haishiwi nguvu. "Mji huu haukosi wenye njaa. Tusipofika sisi, watafika wengine, na hizo nafasi hatutaziona tena. Mimi nitakwenda."

"Nenda kamlambe Kalamu viatu," alisema Mama Katoni.

"Yeye ana viatu viwili, wewe una ndala moja. Nani wa kuchekwa hapa?"

Mjane alisimama. "Atakayekwenda asisemwe," alisema. "Si leo, si mwakani, si harusini kwa mwanawe. Nimemaliza." Ndiyo maana familia inarudia hapa mbele ya kaburi: asiyeonekana kati yetu leo asisemwe. Wengine waliamua kuja kuzika na kuacha ndala zao kwenye foleni, kila moja mahali pake. Ndiyo hiyo miguu mitupu mnayoiona.

Jana jioni, ukurasa wa kwanza wa wasifu huu ukiwa umeshachapwa, Betri alirudi kwa mjane peke yake. Alisema atakuwa getini, lakini atasimama nafasi yake, nyuma ya ndala zote zilizomtangulia. Hatairuka hata moja.

"Na akikunyooshea kalamu wewe?" mjane alimuuliza. "Akisema ingia?"

"Sijui, mama. Nikiwatazama pacha najua la kumjibu. Nikiitazama ndala ya mzee, sijui tena."

Alifika mlangoni, akageuka. "Lakini msiharakishe mazishi kwa ajili yetu. Someni polepole. Wakija watu wa nje kuziruka ndala, niachieni mimi."

Kwa hiyo familia inafuta ombi lake la radhi la mwanzo. Msomaji ameambiwa apunguze mwendo kuanzia hapa, na mtu asitazame saa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watatu, dada yake mkubwa na wadogo zake wanne. Ndala yake ya kushoto iko naye jenezani. Ya kulia iko mbele ya geti la kiwanda cha sabuni. Nyuma yake zimepangwa ndala za wote mliowaona hapa na mguu mtupu, na katikati ya ndala hizo amesimama mtu mmoja. Saa nne ikifika, Bwana Kalamu atafungua geti. Ataikuta foleni kama ilivyo kila siku, na wa kwanza hajafika, na hajasema tupite.

Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna wa kumwambia arudi kesho.