Isizame Wala Isielee

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, nje ya kibanda cha fundi viatu, pale njia itokayo ziwani inapokutana na barabara ya lami. Ubao umebonyea katikati, kwa hiyo anayekaa katikati hubanwa na wenzake apende asipende. Kahawa ni ya Birika, mama mtu mzima asiye na haraka, anayemimina huku akiangalia pembeni na bado hamwagi hata tone. Zamani hapa mada zilikuwa mpira, ndoa za watu na nani kapandisha bei ya nini. Tangu boti ya mizigo izame, mada ni moja tu, nayo imo ndani ya pipa la maji mbele ya benchi: kamera ya Pezi.

Pezi ni mzamiaji. Kazi yake ni kusugua matumbo ya boti na kuyapiga picha huko huko chini, ili wenye boti waone palipooza. Kamera yake imefungiwa ndani ya kasha lisiloingia maji, ina mikono miwili ya chuma, na kila mkono una taa yake. Fundi wa injini wa ile boti iliyozama alikuwa mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja. Walionusurika walinusurika, waliokufa wamezikwa, yeye peke yake hajaonekana. Mkewe amewafukuza watu waliokuja kukaa msibani. Amesema hajaona, na kwamba mtu hawezi kulia kwa kuambiwa. Ofisi ya bandari nayo imesema haileti kreni kuinua boti mpaka ipate picha inayoonyesha kuwa ndani mna mtu. Imetoa ruhusa ya kuzamia mara moja tena, kesho asubuhi, kisha pale panafungwa.

— Mimi ni shahidi, alisema Antena. Jana hapa pipani ilitulia. Ilitulia tuli! Tukapiga makofi.

Antena ni fundi redio. Hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua.

— Makofi yako ndiyo yaliyotuponza, alisema Soli, mwenye kibanda cha viatu. Mtu unashangilia kabla mpira haujaingia wavuni.

— Kwani si wewe uliyemwagia watu kahawa kwa furaha?

— Nilimwaga yangu mwenyewe.

Pezi alikuwa amechuchumaa kando ya pipa, kikombe kimepoa mkononi. Alijua kwamba wanabishana kwa sababu wanamhurumia na hawana namna nyingine ya kumhurumia. Lakini jana ilikuwa jana, na kila akifumba macho alikuwa anaiona.

Mlango wa chumba cha injini ni wa chuma, unavutwa kwa mikono miwili. Hapo ndipo shida ilipo. Ukishika kamera, huna mkono wa kuvutia mlango. Ukiiachia, ikiwa nzito inazama, ikiwa nyepesi inakukimbia juu. Inatakiwa isizame wala isielee, ikae palepale ulipoiachia ikikusubiri. Ndiyo maana Soli alikatakata ndala kuukuu, wakazifunga kwa kamba kwenye ile mikono ya taa, wakapunguza kipande huku na kuongeza kipande kule, mpaka kamera ikasimama katikati ya pipa. Jana hiyohiyo Pezi akashuka nayo. Alipofika mlangoni akaiachia, akashika mlango. Kamera ikaenda chini moja kwa moja, ikajitupa topeni, na tope likapanda hadi akawa haoni kiganja chake. Akapapasa mpaka hewa ya mtungi ikabaki ya kumrudisha juu tu. Picha aliyorudi nayo ilikuwa rangi ya chai, mwanzo hadi mwisho.

— Tatizo ni maji, alisema Antena. Maji ya pipa na maji ya ziwa si kitu kimoja.

— Maji haya tumeyachota ziwani, alisema Mzee Ratili. Umenisaidia kubeba ndoo wewe mwenyewe.

Mzee Ratili ni mpimaji wa sokoni. Huja kijiweni na mzani wake kwa kuwa hamwamini mtu wa kumwachia.

— Basi yamezoea kukaa pipani. Wahenga walisema…

— Wahenga waache wapumzike, Antena. Wana kazi nyingi.

Mzee Ratili akafungua ndala mojawapo, akaipangusa kwa kanzu, akaiweka mzanini. Akaipima na nyingine kavu, ya ukubwa uleule, aliyoleta Soli. Mzani haukulalia upande wowote.

— Haijanywa maji, alisema, na kidogo ilionekana kama amekosewa heshima. Nilidhani imekunywa.

— Ndala zangu hazinywi, alisema Soli. Mnywaji ni yule aliyeniuzia.

— Basi ni picha! Antena aliruka, na kwa vile alikuwa amekaa katikati, wenzake wote wawili walitikisika. Ndani ya kamera kuna kadi. Kadi imejaa picha za matumbo ya maboti ya mwaka mzima. Unafikiri hazina uzito? Mimi nikitazama picha nyingi kichwa kinakuwa kizito.

— Kichwa chako kizito hata ukiwa umelala.

— Afute picha, kamera itapanda. Jaribuni!

— Mzani wangu ni wa viazi, alisema Mzee Ratili. Sipimi picha.

— Unaona? Hujakataa. Umesema tu huna mzani wake.

Birika akacheka puani, akammiminia Pezi kahawa ya moto juu ya ile iliyopoa. Pezi akasema asante bila kuinua uso.

— Mimi nina langu, alisema Soli, akashusha sauti. Injini ya boti ni pande la chuma. Ndani ya injini kuna sumaku, si ndiyo? Na hii mikono ya kamera ni chuma. Sasa fikiria. Unaiachia kamera pale mlangoni, injini inaiita.

— Inaiita! alisema Antena kwa furaha kubwa, kwa kuwa amepata mwenzake. Na si sumaku tu. Kule chini kila kitu kinaitwa. Mnajua kwa nini maji ya chini ni baridi? Yamechoka. Maji yaliyochoka hayabebi kitu. Na hili ziwa, nawaambieni, si maji tu. Lina roho ya uchoyo. Likishachukua cha kwake, halirudi…

Akanyamaza mwenyewe, amechelewa. Mzee Ratili alimpiga kiwiko. Soli akaanza kutafuta sindano ambayo ilikuwa mkononi mwake.

— Endelea, alisema Pezi.

— Sikumaanisha hivyo, kaka.

— Najua hukumaanisha. Endelea tu. Tangu asubuhi mnanieleza kwa nini imezama. Maji, picha, sumaku, uchoyo. Mimi kesho nateremka na hiki kitu. Ikizama tena hakuna kreni. Hakuna kreni, mdogo wangu anabaki humo na mkewe anabaki mlangoni anasubiri mtu aje na jina la mumewe mdomoni. Kwa hiyo endelea. Labda bado kuna kitu hujasema.

Lori likapita, vumbi likaja likaingia vikombeni, na kila mmoja akanywa vilevile. Pezi aliona haya kwa ukali wake, maana hawa ndio waliokuwa naye wakati ndugu wa damu wanapiga simu tu kuuliza amefikia wapi. Akaingiza mikono pipani ili awe na kitu cha kufanya. Akagusa kamba zilizofunga ndala. Zilikuwa zimekaza vizuri, fundo la Soli, halitoki hata kwa meno.

Akakumbuka.

— Kamba, alisema.

— Kamba gani?

— Jana kule chini, nilipokuwa napapasa, niliishika hii kamera. Ndala zilikuwa zinachezacheza ndani ya kamba. Nikasema Soli amefunga ovyo.

— Mimi? Ovyo?

— Nilipofika juu kamba zimekaza. Sasa hivi zimekaza. Nani alizilegeza, na nani alizikaza?

Pezi akamnyoshea Soli mkono.

— Nipe ndala, Soli. Kanyaga hapa. Kanyaga kwa nguvu zako zote.

Soli akakanyaga. Ndala ikabonyea, ikawa nyembamba chini ya kisigino. Akainua mguu, nayo taratibu ikajaa tena.

— Hivyo ndivyo ilivyokuwa kule, alisema Pezi. Maji yote ya juu yanaikanyaga. Ndala ina hewa, hewa inabanwa, ndala inasinyaa, kamba inalegea. Ikishasinyaa haibebi kitu. Kamera inazama. Ukirudi juu inajaa tena, unakuta kila kitu kizima, unabaki kulaumu maji.

— Basi tuiache iwe nyepesi huku juu, alisema Mzee Ratili, ili ikisinyaa iwe sawa huko.

— Nyepesi kiasi gani, Mzee?

Mzee Ratili akautazama mzani wake. Hakuwa na jiwe la kupimia hilo.

— Kinachotakiwa ni kitu chenye hewa ndani na hakibanwi, alisema Pezi. Kitu kigumu.

Walifikiria chupa, wakaona zitapondeka. Walifikiria kopo, nalo hivyohivyo. Kisha Soli akageuza shingo akatazama juu ya kibanda cha Antena, ng'ambo ya barabara. Mzee Ratili akatazama. Birika naye akatazama. Juu ya kibanda kulikuwa na bomba la plastiki, nene, la kijivu, refu kuliko nyumba zote za mtaa, na juu yake ndiyo antena iliyompa mwenyewe jina na heshima.

— Hapana, alisema Antena.

Wakaendelea kulitazama bomba.

— Lile bomba linashika stesheni ambazo hata wenyewe hawajui kama wako hewani.

Antena akamtazama Pezi aliyechuchumaa kando ya pipa na mikono inayochuruzika maji. Akasimama, akavuka barabara bila kuangalia magari, akarudi na bomba begani na msumeno mkononi, na macho mekundu ambayo alisema ni ya vumbi.

Wakakata vipande viwili. Soli akaziba ncha kwa vizibo na gundi yake kali ya viatu, wakasubiri ikauke huku wakigombana kama imekauka. Vipande vikafungwa kwenye mikono ya taa. Kamera ikarushwa juu na maji, nyepesi mno. Mzee Ratili akaleta nati za chuma za kila ukubwa, wakazifunga moja moja. Ikashuka, ikapanda, ikashuka.

— Weka mbele, alisema Soli. Lenzi itazame chini.

— Chini kidogo, alisema Mzee Ratili. Itazame sakafu ya chumba.

Hawakusema kwa nini sakafu. Mtu anayetafutwa namna ile hutafutwa sakafuni. Pezi akafunga nati mbili mbele, chini ya lenzi. Pua ya kamera ikainama, ikatulia. Akaisukuma kwa kidole, ikaenda ilikosukumwa, ikabaki hapo hapo. Haikupanda wala haikushuka.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Pezi alidhani atafurahi. Hakufurahi. Kamera ilipokuwa inakataa, kulikuwa na kazi ya kufanya, na asiyeona bado ana ndugu aliyepotea, si aliyekufa. Sasa imekubali. Kesho angeiachia mlangoni, angevuta mlango kwa mikono miwili, na kamera ingeona chochote kilichomo. Alitamani Antena aseme upuuzi mwingine.

Ndipo shemeji yake, mke wa mdogo wake, alipofika. Hakuna aliyemsikia akija. Alisimama nyuma ya benchi na khanga imefungwa vibaya, mtu aliyevaa bila kuangalia anachovaa. Wakanyanyuka wote kwa pamoja, ubao ukaruka.

— Karibu, shemeji, alisema Antena. Kaa.

— Sikai. Nimekuja kuiona.

Akainama juu ya pipa. Akaingiza kidole, akaisukuma kamera kama alivyofanya Pezi, akaitazama ikikaa alipoiacha.

— Mmefanyaje?

Antena akaeleza, na Mungu amsamehe, alieleza vizuri. Kwamba kizito kinakwenda chini. Kwamba chenye hewa kinakwenda juu. Kwamba ukivilinganisha, kitu kinatulia. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa.

— Wenzake wote waliibuka, alisema. Hata yule mpishi mnene. Hata yule bibi aliyekuwa na mizigo. Siku chache tu, wakaibuka. Wazamiaji hawakuwatafuta, walijileta wenyewe.

— Ni kweli, shemeji.

— Sasa yeye mbona hajaibuka?

Soli akatazama viatu vya wateja wake. Mzee Ratili, ambaye hakosi jibu la uzito wowote, akaanza kukusanya nati zilizobaki, akazidondosha, akazikusanya tena. Antena alimtazama Birika amsaidie, na Birika akainamisha birika juu ya kikombe. Halikutoa kitu. Akaendelea kuinamisha vilevile.

— Nauliza tu, alisema mwanamke. Nyinyi ndio mnaojua mambo ya kuelea.

Kisha akajifunga khanga vizuri, akaaga kila mmoja kwa heshima yake, akashika njia ya nyumbani.

Pezi alibaki amekodolea pipa. Mlango ule wa chuma aliukuta umefungwa. Aliushika kwa mikono yake, umefungwa. Na ndani ya chumba kilichofungwa, kinachoelea hakifiki juu ya ziwa. Mdogo wake alikuwa ameibuka kama wenzake. Aliibuka mpaka pale dari ilipomzuia.

Akaingiza mikono majini. Akazifungua zile nati mbili zilizokuwa mbele, akazihamishia nyuma.

— Unaiharibu! alisema Soli. Ilikuwa imekaa sawa. Sasa itatazama wapi?

Pezi alikaza nati ya mwisho, akaiachia kamera. Pua yake ikainuka polepole, lenzi ikapita nyuso zao mmoja mmoja, ikatulia ikitazama juu.